Nimetia Magadi Kwenye Mlenda wa Maabara

Mpendwa mama mshauri, shikamoo, naomba unishike mkono kabla mzigo huu haujapanda basi. Mume wangu Magesa yuko maabara ya chuo Mwanza na mimi nipo hapa Kalangalala na watoto, na kazi yao huko maabara ni kukuza seli shina, zile chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka ngozi, wanazilaza juu ya jeli inayotokana na ute wa mlenda, na mlenda wenyewe natwanga mimi, maana anasema hajaona unaovuta kama wa shamba letu, nami nilikuwa najisikia mpaka alipokuja huyo mfanyakazi mwenzake, Violeth. Sasa simu nzima ni Violeth, Violeth ana mkono mwepesi, Violeth kazibadilishia seli chakula, na juzi namwambia mtoto ana homa ananijibu mpeleke hospitali, seli zetu haziwezi kuachwa wikiendi. Zetu, mama.

Wivu umenikaba, na jana nikatwanga mlenda wa safari hii nikatia magadi, wakati Magesa alishanionya magadi yanaua seli, na nikiulizwa nitasema mkono umezoea, kwani kwetu Usukumani nani anatwanga mlenda bila magadi? Mzigo unaondoka Ijumaa. Niutume au niuache?

Mama Abel, Geita

Marahaba, Mama Abel. Pole. Kulala peke yako huku mumeo anamsifia mwanamke mwingine kunauma, na kwa hilo la homa Magesa amekosa, mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka.

Lakini wewe nawe. Hapo Geita umeona wangapi wameungua machimboni? Ngozi hiyo ya maabara bado iko kwenye majaribio, lakini wanahangaikiwa watu kama hao. Wao wamekukosea nini? Na wivu wako haujui hesabu: seli zikifa wanaanza upya, na atakayekesha na Magesa kuzilea si wewe.

Mlenda wenye magadi utie sufuriani leo, mle na ugali. Osha kinu, twanga mwingine msafi. Usimpe kondakta, wapeleke watoto kwa bibi yao, upande basi mwenyewe na mlenda huo. Ukifika, Magesa akuoneshe kwenye hadubini seli zilizolala juu ya mlenda wako. Violeth akikuamkia, itika. Kisha kaa hapo mpaka wikiendi iishe, ujionee nani analala wapi.