Tone ya Étain

Butembo, tarehe 6 octobre

Papa wangu wa mapendo,

Nakusalimia sana. Unaamkaje kule Beni? Mugongo ingali inakuuma ao imepoa? Sisi huku tuko bazima. Mukaka, mama yako, ni magoti tu inamusumbua juu ya mvua, na mvua ya mwaka huu haitaki kukatika. Mudogo wangu Shalom ameota jino ya mbele, anafungulia kinywa kila mugeni mwenye kuingia.

Usishangae kupata barua na simu iko. Kwa simu mi najua kusema tu "ndiyo Papa, ndiyo Papa" mpaka unités zinaisha, kisha nabaki na maneno yote ndani ya kinywa. Ku karatasi hakuna mutu mwenye kuniangalia. Njo maana nimemuomba Jéthro, ule dereva wa teksi ya Beni, akuletee hii.

Papa, siku ya posho tarehe 8 novembre njo tutatosha matanga ya Mama, tuimalize. Unajua Mukaka alisema muziki hapana ndani ya nyumba mpaka mwaka itimie, na tulitii, ata redio ya habari tulisikiliza kwa jirani. Sasa ameruhusu, juu ya kutayarisha hiyo siku. Donc nilifunua ile radio yetu ya CD, nikapangusa vumbi, nikaweka CD ya korali ya Mama, ile yenye yeye anaimba peke yake ku wimbo ya pili. Inazunguka kidogo, inasimama, inaandika eti hakuna CD. Na CD iko ndani!

Nilipeleka kwa Précieux, fundi wa hapa kando. Akasema: "Laser imekufa. Dada, tupa hiyo kitu, nunua bafle, spika ya flash, dunia imeendelea." Jibu nililipata wakati nimeisha fika kwetu, radio kichwani.

Mais wewe pia uko fundi, tena wewe njo uliinunua. Hauwezi kuja kuitengeneza? Ata siku moja tu.

Mutoto wako,
Kavuo


Beni, quartier Beu, tarehe 11 octobre

Kavuo mama,

Barua imefika, nimefurahi kuona mwandiko yako imenyooka. Mugongo iko mahali yake, siwezi kuilalamikia. Hapa juma hii kumetulia, Mungu aendelee kusaidia. Batu banauza, banabishana bei, njo alama ya amani. Musalimie Mukaka, asikae ku mulango na ile baridi.

Précieux amesema kweli nusu. Laser imekufa, radio haijakufa. Jéthro anakuletea laser mupya ndani ya kopo ya maziwa. Utaiweka wewe mwenyewe, uko na mikono ya pole. Sikiliza muzuri.

Tosha courant, chomoa waya ya umeme ku ukuta. Kisha shika kwanza chuma ya dirisha, juu mikono yetu inabeba umeme kidogo, wewe hauisikie mais laser inakufa nayo. Fungua bisi za chini, zile misumari ya kuzungusha, utaona laser ya zamani na kioo yake kama jicho ya samaki. Ile kioo usiiguse na kidole, ata kama iko na vumbi. Chomoa ule mukanda mwembamba wa waya polepole, usiuvute kama mutu anavuta mbuzi. Weka mupya, rudisha mukanda.

Mwisho kabisa: kando ya mukanda utaona tone moja ndogo ya étain, ile madini ya kuchomelea, inangaa. Banaiweka kule inatengenezwa ili ilinde laser njiani. Tone ikiwa pale, laser hapana kuwaka. Omba Précieux fer yake ya kuchomelea, uguse mara moja, uitoshe.

Kuja, mama, haitawezekana. Kazi ni mingi, na barabara unaijua.

Papa yako


Butembo, tarehe 19 octobre

Papa wangu,

Natumaini uko muzima na unakula saa yake. Huku tuko, tunashukuru. Magoti ya Mukaka imepoa kidogo, amesema ni salamu zako zimeiponya, kisha akacheka peke yake.

Laser nimeiweka. Nilishika dirisha mpaka Shalom akauliza kama nasali. Kioo sikuigusa. Mukanda uliingia bila shida. Mais haisome, Papa. Niliangalia kwa pembeni, hakuna mwangaza nyekundu ata kidogo. Précieux anapita anasema: "Ingénieur, namna gani, tunacheza?" Mi naangalia chini.

Pengine ilikufa njiani. Pengine inataka mukono ya mwenye kuijua.

Mukaka anauliza utafika siku gani, apange mahali ya kulala. Bajomba, bakaka ya Mama, nabo banauliza. Nabajibu "sijui", kisha naingia jikoni.

Nikuambie kitu, usimwambie mutu. Kwa jirani yetu Débora kuko radio ya CD nzima. Alisema nipeleke CD yetu, tuisikilize kule, amechemusha na chai. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma. Sitaki kumusikia Mama kwa batu, na sitaki kumusikia bila wewe kuwa kando yangu. Njo vile. Sasa nimeisema.

Mutoto wako,
Kavuo


Beni, quartier Beu, tarehe 27 octobre

Kavuo mama,

Salamu kwako, kwa Mukaka, na kwa ule mwenye jino. Mi niko muzima. Nimechelewa kujibu, na sababu si kazi.

Umeandika: hakuna mwangaza nyekundu. Mama, natumika na hizi laser mbele wewe haujazaliwa. Hiyo ni alama ya tone. Na wewe nakujua. Mutoto mwenye kusoma ata maandiko ya sabuni haruke mustari ya baba yake. Tone uliiona, ukaiacha.

Usitetemeke, sijakasirika. Siku ileile barua yako ilifika, nilishika bic nikuandikie mustari moja tu: tosha tone. Mukono ikakataa. Niliwaza: radio ikiwa kimya, ningali na kitu ya kufanya. Nitatuma laser ingine, kisha ingine, batu batasema Papa ya Kavuo anahangaika. Siku itaimba, nitabaki mimi tu mwenye kukosa.

Unajua ile juma ya kumuzika Mama yako, barabara ilikuwa imefungwa. Nilifika wakati udongo umeisha kauka juu yake. Bajomba zako habakusema kitu. Mukaka alinipa bugali. Ningependa banitukane, mama, matusi ningeweza kuijibu. Sasa nikae katikati yao, na yeye anaimba? Sina uso ya kukalia pale.

Tosha tone. Siku ya posho weka simu karibu ya radio, nitasikiliza huku.

Papa yako


Butembo, tarehe 3 novembre

Papa wangu wa mapendo,

Nakusalimia kwa mikono mbili. Sikuulize juu ya mugongo, nitaiona mwenyewe.

Tone nimeitosha jana. Précieux alinipa fer, niligusa mara moja tu vile ulisema. Mwangaza ukawaka. Précieux akasema "Kumbe!"

Ku wimbo ya pili Mama anaanza mbele ya gitare, peke yake, amekosea. Anasimama, anacheka, anasema "pardon", anaanza tena. Hakuna mutu aliifuta. Shalom alikimbia akaangalia nyuma ya mulango. Kisha akakaa chini, akanishika mukono.

Unisamehe kitu kimoja: barua yako nilimusomea Mukaka. Yote. Alikuwa anachambula maharagi. Akasema hivi, naandika vile vile: "Bajomba habakusema kitu juu habakukuwa na kitu ya kusema. Barabara, ni yeye aliifunga? Na siku ya posho tutanyoa nani, mbuzi? Kwetu mama njo anamunyoa mwanaume mwenye alifiwa, mbele ya batu bote, njo matanga inaisha. Kichwa yake ikibaki Beni, kilio inabaki hapa. Mi nimechoka kulia, umwandikie." Akarudilia maharagi. Mais vidole vyake vilikuwa vinatupa nzuri pamoja na mbaya.

Simu sitaiweka karibu ya radio, Papa. Sijawahi kukukatalia kitu. Hii nakukatalia.

Kama hauna uso ya kukalia katikati ya batu, utakaa nyuma yangu, ku kona, kule mi nakaaka siku zote wageni bakikuja. Kuko nafasi. Hakuna mutu anaangalia kule, nimeisha pima.

Jéthro anapanda Butembo siku ya tano, tarehe 7, atapita kwako asubui. Nimemuomba akuchungie kiti ya mbele. Nimemwambia tena, kwa kinywa yangu mwenyewe na batu banasikia: kama Papa anatosha barua mufukoni, usiipokee.

Mutoto wako,
Kavuo