Jirani Anakunywa Maji ya Moto kwa Sababu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, na naomba pia usicheke mpaka umalize kusoma, maana kila ninayetaka kumweleza jambo hili naona ataanguka kwanza kwa kicheko halafu akiinuka atanitangaza.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka, mtu mzima, watoto wangu wameshajitegemea, nimebaki na mama yao kwenye nyumba moja ya zile zilizojengwa pacha, ukuta wa kati ni mmoja, huku tunakaa sisi na kule anakaa jirani yangu kinyozi na mkewe ambaye ni mshonaji. Mke wangu ni muuguzi, kazi ya kusimama kutwa na kugeuza wagonjwa wazito kumzidi, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua kiasi kwamba kuinama kufunga viatu ilikuwa shughuli, kwa hiyo hoteli moja ninayowatengenezea pampu zao ilipotaka kutupa jakuzi lao la zamani, lile beseni kubwa la kuogea ambalo pampu inapiga maji ya moto mpaka yanatoa mapovu, nikasema hilo halitupwi, nikalileta nyumbani, nikaliweka kwenye kibaraza cha nyuma, limeegemea ukuta wa kati maana ndipo umeme ulipo, nikalizungushia turubai na hatukumwambia mtu, kwa sababu mtaa ukijua una maji ya moto ya namna hiyo, kesho kila mwenye kiuno kibovu yuko mlangoni na taulo begani.

Sasa mshauri, mashine mimi nazijua. Mashine ya kusaga usipoifunga kwa boliti inatembea, nimeshaona moja imetoka mpaka mlangoni kama inakwenda sokoni, kwa hiyo na ile pampu ya jakuzi niliifunga kama ninavyofunga mashine zangu zote, boliti nene, nyingine kwenye sakafu na nyingine ukutani, mabomba nayo nikayabana kwenye ukuta ule ule kwa vibanio vya chuma, nikaipiga teke kuijaribu, haikutikisika, nikajisifu mwenyewe. Nilipoiwasha ilinguruma vizuri sana, na kwangu mimi mngurumo ni dalili ya afya, ingawa mke wangu aliuliza, "Mbona inapiga kelele hivyo?" nikamwambia ndivyo zinavyolia, akaingia majini.

Tangu hapo kila jioni akirudi kazini anaingia, na mimi nakaa pembeni kwenye kigoda nikiisikiliza pampu. Ananiambia na mimi niingie, siingii, mtu lazima aiangalie mashine. Huko ndani anaongea maneno yake ambayo kwa ule mngurumo siyasikii vizuri, namwitikia tu "ndiyo, ndiyo", ila akitaka kitu cha pampu anapaza sauti. "Ongeza!" anasema. "Hapo hapo, usizime!" Na moto ukizidi, "Basi, basi, utaniua!"

Nadhani umeshaanza kuelewa tatizo langu.

Siku moja nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka shingoni, wembe uko kisogoni, nasikia ananong'ona, "Kaka, niambie ukweli kama mdogo wako. Unatumia nini?" Nikamuuliza natumia nini kwa kitu gani. Akasema, "Tunasikia, kaka. Kila jioni, tena kwa muda mrefu. Mke wangu ameniambia mtu wa umri wako angekuwa anapumzika." Mshauri, hapo ndipo nilipotakiwa kusema ni pampu. Neno lenyewe lilifika mpaka mdomoni, lakini nikajitazama kwenye kile kioo kikubwa, mvi zangu zote zinaonekana, na tangu ujana wangu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali kama hilo kwa heshima namna ile, nikajikuta nimesema, "Siri ni maji ya moto." Sikudanganya, ukiangalia vizuri.

Kuanzia siku ile kinyozi anakunywa maji ya moto. Ana chupa ya chai pale kazini, haina chai ndani, ni maji matupu yanayochemka, akimaliza kichwa kimoja anakunywa, ulimi umeungua hata kusema "sasa" anasema "thatha", na wateja wake wameanza kuniita Injini. Nikipita wananipungia mikono. Nakiri jina hilo nimelipenda, mshauri, nimelipenda sana, nimeanza hata kutembea tofauti.

Lakini mambo yameharibika. Mkewe amezidi kumlinganisha na yanayosikika ukutani, kinyozi amekasirika amehamia kulala kwenye duka lake, juu ya benchi la wateja, na wazee wa pande zote mbili wameitisha kikao Jumapili kuamua kama hiyo ndoa ipo au haipo. Na mtu waliyemwalika aje kuwapa mfano wa ndoa nzuri ni mimi.

Hilo nalo si baya kuliko la juzi. Juzi mshonaji aliniita nikamwangalizie cherehani yake iliyokuwa inaruka nyuzi, iko chumbani kwao dirishani, nimeinama naikaza skrubu, mke wangu huko kwetu amerudi, akawasha jakuzi. Mshauri, kichwa cha kitanda chao kikaanza kugonga ukuta, ko-ko-ko-ko, chenyewe, hakuna mtu juu yake, ni ule mtetemo wa pampu yangu unakuja kwenye boliti unaingia ukutani unakisukuma, na glasi zilizo kabatini zinalia, halafu sauti ya mke wangu safi kabisa, "Aah, hapo hapo!" Yule mama hakutazama kitanda. Alinitazama mimi. Niko chumbani kwake na bisibisi mkononi, na nyumbani kwangu mambo yanaendelea. Akanishika bega, machozi yanamlenga, akasema, "Pole sana shemeji. Sitamwambia mtu. Labda wazee tu, Jumapili, ili wakusaidie."

Nikamalizia kukaza skrubu, nikaondoka. Tangu hapo sili vizuri. Mke wangu hajui lolote, wala hajui kwamba mimi ni Injini, na sasa jina lake linakwenda kuchafuliwa mbele ya wazee kwa sababu ya mgongo wake. Swali langu ni hili: hakuna njia ya kupunguza kelele na mtetemo kimya kimya, kidogo kidogo kila siku, bila kumweleza mtu, ili watu waone tu kwamba mzee ameanza kupunguza kasi kwa heshima?

Ni mimi, Injini.

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Injini, uliniomba nisicheke mpaka nimalize. Nilijitahidi mpaka kwenye boliti za ukutani, hapo nikashindwa, wenzangu wakaja kuuliza kuna nini.

Nimeshamaliza kucheka, sasa nisikilize. Kwanza nakupa pole, maana ulitaka kumtuliza mkeo maumivu na hilo ni jambo jema, wanaume wengi wangemnunulia dawa ya kuchua wakaona wamemaliza. Pole inaishia hapo. Kuna mwanaume analala kwenye benchi na ulimi wa malengelenge kwa sababu wewe ulijiona kwenye kioo ukapendeza. Na kuna mwanamke asiye na hatia anayekwenda kusomewa mashtaka Jumapili kwa kosa la kuoga.

Tuanze na mashine, kwa sababu najua huko ndiko masikio yako yaliko. Nimemsomea fundi wa jenereta letu hapa ofisini sehemu ile ya boliti (jina lako sikulitaja, nimesema Injini tu, na amelipenda) naye akashika kichwa. Hiyo si mashine ya kusaga, bwana. Pampu ya jakuzi ni ndogo, haina pa kwenda. Ulichofanya ni kuiunganisha moja kwa moja na ukuta, sasa ukuta mzima ndio unaonguruma, na kitanda cha watu kimegeuzwa ngoma. Fungua boliti zote za ukutani leo, si kesho. Zima umeme kwanza, na maji uyatoe. Lisogeze jakuzi lenyewe mpaka mtu aweze kupita na ndoo kati yake na ukuta, hata kama itabidi uongeze waya, na waya huo auweke fundi umeme, usiunge mwenyewe karibu na maji. Chini ya pampu weka mpira mnene, hata vipande vya tairi kuukuu vitafaa, na beseni lote likalie mkeka mzito wa mpira, limelala sawa kila pembe, likiegemea upande mmoja litaendelea kutetemeka. Mabomba yasiguse ukuta. Vile vibanio vya chuma tupa, weka vyenye mpira ndani, na pale bomba linapotoka kwenye pampu unganisha kipande cha bomba laini ili mtetemo ufie hapo hapo.

Halafu hiyo habari ya mngurumo kuwa dalili ya afya, fundi wetu anasema ni dalili ya beringi zilizokwisha. Hoteli haikutupa jakuzi kwa kukupenda. Badilisha beringi, safisha chujio, na uhakikishe maji yamefunika matundu ya kunyonyea, pampu ikivuta hewa inakohoa. Kama bado itasikika, itengenezee sanduku la mbao lenye sponji ndani, ila uache upenyo wa hewa, isije ikaungua ukaniandikia tena. Vile vile mwombe jirani akivute kitanda chake mbali kidogo na ukuta, ombi ambalo utalitoa kwa unyenyekevu sana.

Umeona nimesema umwombe jirani. Maana yake utamwambia. Kupunguza kelele kidogo kidogo ili watu wadhani umezeeka kwa heshima, hapana. Mawazo hayo yalinichekesha mara ya kwanza, mara ya pili yakaniudhi. Ukinyamazisha pampu bila kusema kitu, kinyozi ataendelea kuungua ulimi, na mshonaji atasema yule mwanaume mwingine ameacha kuja. Hapo mkeo atakuwa amefumaniwa na kuachwa kwa wakati mmoja, na yeye hana habari.

Kwa hiyo kabla hujagusa boliti hata moja, waite majirani zako wote wawili kibarazani, kinyozi aje na chupa yake. Ondoa turubai. Mshonaji arudi chumbani kwake akae karibu na kitanda, wewe uwashe pampu, beseni likiwa halina mtu ndani. Akisikia ko-ko-ko hatahitaji maelezo mengine. Atakutukana, na umtulize kwa kukaa kimya, ni haki yake. Kisha umgeukie kinyozi umwambie kwa mdomo wako, "Ndugu yangu, nilikuficha ukweli." Usitafute maneno ya kujipamba. Na wewe mama mshonaji, kama unasoma hapa, kamwombe mumeo msamaha. Umemfukuza mtu kitandani kwa kumlinganisha na pampu, tena mbovu.

Jumapili nenda kikaoni kama ulivyoalikwa. Ukipewa nafasi ya kuzungumza juu ya ndoa nzuri, simama useme ilikuwa pampu, halafu ukae. Watacheka mpaka wazee washike mbavu. Jina la Injini litakufuata mpaka kaburini, ila litakuwa na maana nyingine, uvumilie.

Lakini kuna mtu anayetakiwa kuambiwa kabla ya hao wote, leo akirudi kazini, na ndiye aliyenifanya nisirudie kucheka nilipoisoma barua yako tena. Umeniandikia alichosema kinyozi, umeniandikia alichosema mshonaji, hata alichosema kitanda umekiandika. Mkeo anaongea nawe kila jioni akiwa majini, na wewe hujui hata neno moja. Unajua tu anapoitaka pampu. Anakuita uingie, unamwambia mtu lazima aiangalie mashine. Mimi sijui amekuwa akikwambia nini muda wote huo. Huenda ni habari za kazini. Huenda ni mgongo. Huenda alikuuliza jambo kubwa ukamjibu "ndiyo, ndiyo".

Zima hiyo mashine. Vua shati, ingia, maji yakiwa yametulia, umwambie kila kitu ulichoniambia mimi, kisha umuulize alikuwa anasema nini. Kinyozi anaamini unajua kukaa na mkeo, wateja wake wanaamini, na wazee wamekualika kwa sababu hiyo hiyo. Amebaki mkeo tu.