Mtumbwi Tulioubeba

Ukumbi wa Ukoo,
Barabara ya Mtoni,
Waikotare, Aotearoa.
9 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Tamihana,

Salamu nyingi zikufikie huko Brisbane, wewe, wifi Karen na watoto. Vipi goti lako? Natumaini limepona na umeacha kucheza raga na vijana. Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Shangazi Tiripa anakohoa na bado anakataa katakata kuvaa soksi.

Kesi ya mto imeanza kusikilizwa. Uliniuliza kwenye simu tunagombea nini, wakati maji yanapita tu. Ndugu yangu, hatugombei maji. Tunagombea ardhi iliyo chini yake. Sheria yao inasema mto ukipitika kwa vyombo, ardhi ya chini ni mali ya Serikali. Usipopitika, ni ya wenye kingo, yaani sisi. Serikali ikishaichukua, wale wachimba kokoto wataingiza mashine palepale kwenye uzio wa kunasia samaki wa mikunga alioujenga upya marehemu baba. Ulikuwepo kwenye mazishi ya mama, uliona wageni walivyoramba vidole kwa mikunga yetu. Siku tutakapowapa wageni wa msiba kuku wa dukani, mimi nahama.

Mahakama ilikuja kukaa ukumbini kwetu. Wakili wetu alitusihi tujibu tunachoulizwa tu, lakini unamjua Baba mkubwa Hohepa akiona wageni. Alisimama na fimbo yake akaanza ile hadithi: jinsi babu Pirimona alivyoshuka na familia yake mto mzima kwa mtumbwi, toka milimani hadi baharini, bila mtu kukanyaga nchi kavu. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kuwasifu wazee wetu, kwa hiyo moyoni mwake alikuwa anafanya adabu. Wakili wa Serikali akawa anaandika huku anatabasamu.

"Mto mzima, mzee?"

"Mzima! Unadhani baba yangu alikuwa mtu wa kuogopa mawe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee wetu alikuwa anawapa mto wetu kwa mdomo wake mwenyewe.

Unajua aliyesimama kusema hakatizwi, isipokuwa wanawake wa ukoo wakiona anapotea: huinuka wakaimba, na yeye hana budi kukaa. Shangazi akainuka. Hakuchagua wimbo wa kufunga hotuba. Aliimba ule wa kukokotea mtumbwi, nasi wanawake wote tukainuka kumpokea. Baba mkubwa akakaa.

Tulipomaliza, hakimu akauliza wimbo ule ni wa nini.

"Wa kuvutia mtumbwi," akasema Shangazi.

"Majini?"

"Majini tungepiga makasia, mwanangu! Pale kwenye maporomoko hapapiti hata bata. Tulishuka wote, tukauvuta kwa kamba, tukaubeba juu ya mawe mpaka maji yalipotulia. Mimi nilikuwa na sufuria kichwani. Na huyu," akamnyooshea Baba mkubwa, mdogo wake, kidole, "alikuwa ndani ya mtumbwi, amelala, bado ananyonya. Kweli yeye hakukanyaga nchi kavu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata hakimu. Baba mkubwa hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka.

Wakili wetu alisema kicheko hakifuti maneno. Aliyeyasema ndiye ayaondoe. Jioni nikaenda kwa Baba mkubwa. Nilimkuta anakula peke yake jikoni, na kusema kweli nilimhurumia, maana hadithi ile ameisimulia harusini na misibani maisha yake yote. Lakini sikumbembeleza.

"Baba mkubwa, ni hadithi au mto. Chagua."

"Una mdomo kama wa mama yako," akanijibu, akaendelea kula.

Asubuhi alikuja amevaa suti yake ya mazishini. Alisimama bila fimbo.

"Jana nilimsifu baba yangu kwa jambo ambalo hakulifanya," alisema. "Alishuka. Alivua viatu, akatia kamba begani pamoja na mke wake na watoto wake, nami nikabebwa. Sifa yake ndiyo hiyo."

Akakaa. Nililia, Tamihana, wala sikujificha.

Hukumu bado. Wenzetu wa Serikali watadai kipande kimoja cha mawe hakiufanyi mto mzima usipitike. Waache wadai. Tukishindwa hapa tutakata rufaa, na tukishindwa huko watanikuta nimekaa juu ya uzio wa baba, waniondoe wao.

Nina ombi moja. Najua watoto wako hawalali bila ile hadithi. Ibadilishe kuanzia leo. Waambie walipofika kwenye mawe wote walishuka, wakavuta, wakabeba. Kisha panda ndege uje siku ya hukumu, maana mtumbwi bado tumeubeba na bega lako halipo.

Msalimie sana wifi Karen, na uwabusu Huia na Rongo kwa niaba ya shangazi yao. Baba mkubwa anakusalimu. Anasema ukija umletee Shangazi soksi nzito za sufu, naye atamvisha kwa nguvu.

Mungu akulinde njiani, akufikishe nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Ripeka