Swichi ya Siri ya Gari la Mzee Owor

Malaba, foleni ya malori
Jumatano mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje na mvua hizi? Na yule mbuzi mweusi amezaa, au bado anatudanganya kwa tumbo la majani? Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili kwa sababu ndio niliopata nafasi ya kuukagua asubuhi. Mengine utayasikia humu.

Magesa, mdogo wangu, kama ni wewe unayemsomea Mama kama kawaida, soma polepole na usiruke mstari. Mama anajua sauti yako inavyokuwa ukiruka. Ulianza kuruka mistari tangu Biblia ya darasa la nne.

Mama, naandika nikiwa ndani ya lori la dereva mmoja wa Mwanza. Alipeleka mchele Mbale, sasa anarudi kupitia Kisumu na Sirari, na keshokutwa atapita njia panda ya kwetu. Nimemfungulia dashibodi nzima na kuzitoa nyaya nje kama utumbo wa mbuzi, ili kila apitaye aone nina kazi kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa fyuzi moja. Ng'ambo ya barabara wamekaa waendesha bodaboda wawili wanaonitazama. Hao ndio wasindikizaji wangu wa wiki hii. Nikienda chooni wanakwenda, nikirudi wanarudi. Viongozi wa nchi wanalindwa hivi, lakini wao wameomba.

Simu yangu imechukuliwa, na sababu nitaieleza. Nimeazima ya dereva, lakini namba niliyo nayo kichwani ni moja tu, ya Magesa, ambayo ndiyo namba yako pia, na tangu juzi haipatikani. Kama ingepatikana nisingeomba karatasi.

Unaijua kazi yangu, ile unayowaambia majirani kwamba mwanao ni injinia. Mimi ni fundi umeme wa magari ambaye hakufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuharibu redio ya marehemu Baba, halafu nikahamia kwenye pikapu yake. Huku Busia na Tororo jina langu limekua kwa kitu kimoja, swichi ya siri. Mwizi wa siku hizi anaunganisha nyaya za ufunguo kwa muda wa kupiga chafya mara mbili. Basi mimi naukata waya unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta, naupitisha kwenye swichi ndogo, na swichi hiyo naificha mahali anapopajua mwenye gari peke yake. Bila kuibonyeza, gari linakoroma kidogo na kuzima.

Tena sifichi ovyo. Namtazama mtu kwanza. Ajiambo, yule mama wa samaki anayechukua mzigo kule ziwani, chini ya Lumino, nilimfungia kwenye mkanda wa kiti: asipoufunga mkanda, Probox yake haiendi, na mimi sijamwona mwizi anayeanza kwa kufunga mkanda. Wakala wa forodha wa hapa Malaba, mtu asiyemwamini hata kivuli chake, nilimwekea ndani ya buti, awe anashuka na kuzunguka gari kila anapotaka kuondoka. Amefurahi sana. Mchungaji nilimwekea kwenye kiwasha sigara, kwa kuwa nani atamshuku mchungaji kwa kiwasha sigara? Na Mzee Owor wa mashine ya unga, Tororo, Noah yake nilimwekea chini ya kisahani cha majivu, ambamo huweka vijiti vya kuchokolea meno.

Haya yote nilikuandikia, Mama, kwa utaratibu huohuo, barua baada ya barua. Ulisema yanakuchekesha. Ulisema simu ikikatika kicheko nacho kimekwisha, lakini barua unaweza kusomewa tena kesho. Mimi nikaona ubaya uko wapi? Majita ni mbali, na mama yangu haibi magari.

Kisha Probox ya Ajiambo ikaondoka. Mchana, sokoni, yeye akiwa hatua thelathini akipima samaki. Walioliona gari likipita wanasema dereva alikuwa amefunga mkanda vizuri kabisa, ndiyo maana hakuna aliyemtilia shaka. Wiki tatu baadaye likaondoka la wakala wa forodha, hapa hapa Malaba. Mtu alifungua buti, akaingiza mkono, akalifunga taratibu kama mwenye mali, akaketi, akaenda.

Sasa hesabu yake hata wewe unaiona. Siri ya swichi wanaijua wawili, mwenye gari na fundi. Mwenye gari hajiibii. Watu wakaanza kunisalimia kwa ufupi. Yule anayeniuzia chapati akawa ananipa bila neno, na huyo, Mama, ni mtu ambaye hujui atanyamaza lini.

Kilichonifungua macho ni gari la mchungaji, ambalo halikuibiwa. Baada ya kukuandikia habari ya kiwasha sigara, mchungaji alikuja kulalamika kwamba shemasi wake ameuona mkono wake pale, na maneno yameanza. Nikaihamisha swichi chini ya zulia, upande wa mguu wa kushoto. Hilo sikukuandikia, kwa kuwa halikuchekesha. Jumapili iliyopita, watu wakiwa katikati ya ibada, mwizi alikuja. Tulipotoka tulikuta nyaya za ufunguo zimeunganishwa kwa ustadi, na kiwasha sigara kimechomolewa, kimetupwa kwenye kiti. Kimebonyezwa mpaka kimepinda. Zulia halikuguswa.

Watu walimshukuru Mungu. Mimi nilisimama pale nimeshika kiwasha kile. Katika dunia hii mahali pekee palipoandikwa kwamba swichi ya mchungaji iko kwenye kiwasha sigara ni kwenye barua iliyo chini ya godoro lako.

Nje ya kanisa huwa anakaa bibi mmoja wa Kisamia anayeuza karanga. Wakamuuliza kama ameona mtu. Akasema ameona kijana mzuri, mwenye adabu.

"Nasalimu mimi vizuri," akasema, na Kiswahili cha huku, Mama, 'na' moja inawatosha watu wote. "Nasema, shikamoo mama. Mimi nauliza, hiyo ni kitu gani? Wewe nataka karanga?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, na vichwa vyote vikanigeukia. Busia nzima mtu anayewaamkia wanawake wa sokoni shikamoo ni mmoja. Kilichoniokoa ni kwamba wakati ule nilikuwa kanisani, safu ya tatu, nimesinzia, na watu hawamsahau anayesinzia mbele ya mchungaji. Lakini malezi yako mema, Mama, yametuweka mahali pabaya.

Ajiambo ndiye aliyesema. Tangu gari liende anapakia samaki kwenye bodaboda, na nusu inafika imekwisha kuharibika. Hapigi kelele, na hilo ndilo linalonitisha kwake.

"Fundi, si wewe," akasema. "Lakini ni mtu yako. Nani mwingine najua?"

Nikasema hakuna. Akaniambia niape. Nikaapa, na mchungaji akiwa pale pale. Hiyo nayo nitaijibia siku yake.

Usiku sikulala, nilikuwa nikizisoma tena barua zako. Hapa, Mama, nataka unijibu mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya anayesoma. Katika barua ya mwisho iliyotoka nyumbani, kwa mwandiko wa Magesa, baada ya salamu na habari za goti, imeandikwa hivi: "Na yule mzee wa mashine ya unga, gari lake huegeshwa wapi mchana?" Je, ni wewe uliyeuliza? Nimekujua maisha yangu yote, na hujawahi kuuliza gari la mtu linaegeshwa wapi. Mimi, kwa ujinga wa mtu anayependa kusomwa, nilijibu. Niliandika kwamba linakaa mbele ya mashine, kivulini, ufunguo mfukoni mwa mzee, na mzee ndani ya kelele za mashine hasikii hata radi.

Jumatatu wenye magari walikutana kwa Mzee Owor. Nilidhani watasema polisi. Wakala wa forodha ndiye aliyetaja polisi, na Ajiambo akamkata.

"Polisi naandika," akasema. "Naandika, naandika, halafu mtu natoka."

Wakakubaliana kwamba mwizi anayezijua swichi zangu atakuja kuimaliza kazi yake, na Noah ya Mzee Owor ndiyo iliyobaki kati ya zile nilizozipigia domo. Ndiyo, Mama, hata huku nilikuwa nikijisifu, ingawa huku sikusema zimefichwa wapi. Wakanichukulia simu nisije nikamwonya mtu, kisha wakaniagiza niigeuze. Sasa swichi iliyo chini ya kisahani cha majivu haiwashi pampu tena. Ukiibonyeza, milango yote inajifunga, vioo havishuki, na honi inalia bila kukoma. Vitasa vya ndani nimeviondoa. Wazo lilikuwa la Mzee Owor. Mikono ilikuwa yangu. Nilifanya kazi safi, kila kiungo nikakiyeyushia risasi na kukizungushia tepu, kwa kuwa walikuwa wananitazama na kwa kuwa, Mungu anisamehe, sijui kufanya kazi chafu. Kila asubuhi wanaijaribu. Nikikata waya hata mmoja watajua kabla ya chai, na atakayefungiwa humo nitakuwa mimi.

Nilipomaliza, Ajiambo alinisogelea akaniambia maneno ambayo nimekuwa nikiyasikia tangu hapo.

"Siku hiyo wewe ndio nafungua mlango. Wewe ndio nafunga, wewe ndio nafungua."

Basi tangu Jumatatu gari liko kivulini mbele ya mashine. Pembeni yake wanaume watatu wanacheza ludo kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nimewaangalia: hakuna anayezitazama kete. Jana mmoja alishinda na hakujua. Na ukutani mwa mashine wameegemeza tairi kuukuu la lori. Pale hakuna lori. Sijauliza ni la nini, na hakuna aliyenieleza, na kila apitaye analitazama mara moja na kuongeza mwendo.

Magesa. Sasa nasema na wewe, na Mama asikie. Pikapu ya Baba niliifungua mbele yako. Nilikuonyesha waya wa ufunguo, nikakuonyesha waya wa pampu, nikakusifu ulipoiwasha kwa mara ya kwanza, na Mama akatupikia kuku. Kwa hiyo siwezi kusema sikujui. Sikuulizi yale magari mawili yako wapi. Siku nyingine, uso kwa uso, nitakuuliza. Leo nina neno moja: usije. Usije Tororo, usije Busia, usivuke Sirari. Kama uko hapo kwenye kigoda, umeishika barua hii, msomee Mama mpaka mwisho kisha ukae. Akuangalie. Nitaubeba mzigo huku mpaka watu hawa wachoke, nao watachoka, wana mashamba.

Na kuna jambo moja nililolifanya bila wao kujua. Mlango wa nyuma, ule wa mizigo, nao unajifunga kama mingine. Lakini kwenye komeo lake nimefunga kipande cha waya mwekundu, nikakipitisha chini ya zulia hadi kiti cha mwisho. Aliye ndani akiuvuta kwa nguvu, mlango unaachia, na nyuma ya mashine kuna uchochoro unaoshuka moja kwa moja mpaka relini. Niliufunga nikijifanya natafuta spana iliyodondoka. Nilijiona mjanja kwa muda wa kama robo saa. Kisha nikafikiri. Maelezo ya waya huo yanamfaa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo akiwa hapo nyumbani akiyasoma, hauhitaji. Anayeuhitaji ni yule asiyeisoma barua hii.

Dereva anasema foleni imesogea, na wasindikizaji wangu wamesimama kujinyoosha. Nifunge.

Nisalimie shangazi mkubwa, mwambie dawa yake ya mgongo nitaituma nikipata mtu. Msalimie mjomba mwenye mitumbwi, na dada Nyamisi na watoto wake, na yule jirani mwalimu anayesahihisha herufi zangu; leo anisamehe, naandikia juu ya goti. Msalimie mke wa Magesa na kile kichanga ambacho sijakiona. Nasikia kina masikio ya Baba.

Magesa mwenyewe simwandikii salamu. Kama ni yeye anayesoma, ameshazipata. Lakini kama sauti inayokusomea mstari huu ni ya mtu mwingine, Mama, mwambie aikunje karatasi, asiende kuisimulia kisimani. Akupe mkono, mwende polepole na goti lako mpaka nyumba ya Magesa, mkae na mkewe. Usimwambie kitu. Mpokee mtoto, yeye apike.

Mimi mwanao,
Masatu