Mnunuzi Mmoja wa London

Baba,

Shikamoo. Ni mara ya kwanza nakuamkia bila kungoja jibu.

Soko la mifugo la kule Wales limefungwa. Nilikwenda wiki iliyopita kuandika habari zake kwa gazeti letu. Mazizi ya chuma yameng'olewa, mvua inapiga saruji tupu, na bango linasema zitajengwa nyumba. Skuli ya kijiji nayo inafungwa.

Wanakijiji wanaandaa kitabu cha historia ya soko. Wakulima wamo, madalali wamo, hata mbwa mmoja wa kuchunga yumo kwa jina lake. Wewe, uliyeendesha gari kila wiki kwenda kununua kondoo wa bucha lako mpaka magoti yakakataa, umeandikwa "mnunuzi mmoja wa London".

Nikakumbuka siku yako ya kwanza. Mkulima mmoja, Mzee Emrys, alikupungia mkono toka ng'ambo ya uwanja wa mnada. Ukamuitikia kwa desturi yetu, kiganja kifuani. Dalali akadhani umepandisha bei. Ukarudi na habari kwamba umenunua kondoo vikongwe arobaini. Mama akauliza, "Baba Rukia, nani atawatafuna hao?" Ukasema, "Watachemshwa mpaka wakubali." Toka siku hiyo kiganja kifuani ndiyo ikawa alama yako mnadani.

Nilimpa mhariri wa kitabu jina lako. Akataka shahidi asiyekuwa mwanao. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nimewarudisha watu wengi kwa neno hilo hilo. Nikaenda kwa Mzee Emrys. Binti yake akanifungulia mlango, akaniambia wamemzika Jumanne. Dalali alikufa zamani. Kitabu kinakwenda kuchapwa mwisho wa mwezi.

Baba, nimehoji mawaziri, nimehoji wauaji. Wewe sikukuhoji hata mara moja. Nilidhani upo tu.

Nakuaga hapa. Mola akupunguzie uzito wa udongo. Jumatatu napanda treni tena na picha yako, nitagonga nyumba moja moja niulize nani anamjua mtu huyu. Asipopatikana hata mmoja, nitakuandika mwenyewe gazetini, jina lako na la babu, na palipo na nafasi ya shahidi nitajitaja mimi. Sijawahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote.

Mwanao,
Rukia