Mahari ya Nafula

Ijumaa jioni, Januari 1995. Jua limewaka kutwa hapa Shianda, vumbi limefunika miwa, nami nimerudi kutoka shuleni nikicheka peke yangu.

Nieleze kwanza. Mzazi anayelea mtoto bila mwenzi hupunguziwa kodi kidogo kwenye mshahara. Tangu mke wangu afariki nimekuwa nikipata nafuu hiyo kwa ajili ya Nafula, kitinda mimba wetu, na nimeiwekea matumaini ya karo yake ya chuo. Lakini sasa Nafula ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne, na wakati anangoja matokeo anaendesha mashine ya posho sokoni, akisaga mahindi ya watu. Wateja humwita Mama Unga. Hurudi nyumbani mweupe hadi kope.

Je, mtoto mwenye mshahara bado ni tegemezi wangu?

Nilimpelekea swali hilo karani wa shule yetu. Ni kijana wa Matungu, na ulimi wake, kama wa wengi wetu huku, haujaamua kati ya l na r. Akatoa karatasi ya kodi, akashika kalamu, akauliza, "Na mahari ya huyu msichana, Mwalimu?"

Damu ilinichemka. "Mahari! Nani amekwambia anaolewa? Huyo bado ni mtoto!"

"Si hiyo, Mwalimu," akasema, akijizuia kucheka. "Mahari anafanyanga kazi."

Mahali! Nimesahihisha neno hilo kwenye insha tangu ujana wangu, na leo limeniangusha.

Tulipomaliza kucheka nilimweleza kwamba kazi ya posho ni kibarua tu, kwamba Nafula analala kwangu na chuo nitamlipia mimi. Akasema kama bado namlea, nimwandike, nirudishe karatasi Jumatatu.

Wakati wa chakula nilimsimulia Nafula. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha nikafika kwenye neno tegemezi, akaelekeza kidole kwenye sahani yangu.

"Tegemezi? Baba, huu obusuma unaokula, unga umeletwa na nani?"

Ameuleta yeye. Nilikuwa na tonge la ugali huo mdomoni. Nimefundisha watoto wa watu kujibu kwa hoja, na huyu wangu amenishinda kwa sentensi moja. Sijui kama aliona nilivyofurahi.

Akaniongezea mboga. "Niandike tu, Baba. Chuo nakitaka. Lakini hapo pa kazi usipaache wazi."

Sitapaacha. Jumatatu nitaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: mtoto wangu, namlea mimi, mashine ya posho, Shianda. Watu wa kodi wakiona hayo mawili, malezi na kazi, hayapatani, nitakwenda kuwaeleza. Kueleza ndiyo kazi yangu.

Na siku moja mtu atabisha hodi kuuliza mahari yenye r ya kweli.

Huyo naye atangoja. Binti yuko kazini.