Yule Mwanamke wa Dirishani

Iddy,

Nimewahi basi, napeleka ufuta ghalani Ikwiriri. Uji wa mama uko kwenye chupa ya chai. Mchicha nimeshauchambua, upike wewe, mikono unayo. Jirani yetu Mzee Dadi akija, mpokee barazani. Mama yuko eda, usijisahau.

~~Kile kitabu cha wachoraji wa Kimarekani kirudishe kwa mwalimu aliyeniazima.~~ Hapana, kiache palepale kitandani kwa mama.

Umeniudhi asubuhi. Mama kafungua picha ya mwanamke aliyekaa peke yake kitandani, jua limempiga usoni, anatazama dirishani. Akauliza, "Huyu naye kafiwa na mume? Nani anamletea chakula?" Ukacheka mpaka ukapaliwa na chai. "Mama, huyo yuko hotelini tu!"

Ulipotoka, akarudi ukurasa uleule. Mimi wiki nzima nimekuwa nikisifia mwanga na kuta, kumbe sijaona kitu. Yeye akanionyesha mabega: "Haya mabega ya mtu asiyesemeshwa." Kisha akasema, "Ila huyu ana bahati. Aliyemchora alikaa naye mpaka picha ikaisha."

Tangu tumzike baba, mimi na wewe tunamwekea mama sahani mlangoni, tunaondoka.

Leo ukimpelekea uji, ingia, ukae mpaka aumalize. Simu iache hapa mezani.

Dada yako,
Swaumu